Karatasi kwenye risasi ni ya nini? Majibu kwa mliobishana kuhusu ile video ya mzee aliyelala chali

Kuna video imezunguka kwenye magrupu ya wasap hapa Arusha, na Moshi imefika maana shemeji yangu wa Majengo kanitumia mara mbili kama vile ya kwanza sikuiona. Mzee wa kizungu ana ndevu nyeupe, kalala chali kwenye nyasi, miguu imeelekea kule anakolenga, bunduki ndefu imelazwa juu ya mguu wake. Anapiga. Linatoka wingu la moshi mweupe utadhani mtu kachoma majani mabichi ya mgomba, afu kimya, unakaa, unakaa, unaanza kufikiri bando limekata, ndo unasikia kwa mbali "ng'aa" ya chuma. Maelezo ya chini yanasema shabaha iko karibu kilomita moja, baruti ni ile nyeusi ya zamani, na risasi imevishwa karatasi.

Kijiweni kwetu Ngarenaro ikawa vita. Mmoja anasema hiyo ni AI. Mwingine anasema gobore haliwezi kufika hata mita mia, babu yake kule Rombo alikuwa nalo na alikuwa anakosa mbega akiwa chini ya mti wenyewe. Chalii mmoja anayeshona viti vya gari akasema karatasi ndo inayowaka na kusukuma risasi, na kwa alivyosema kwa kujiamini watu wakaitikia kabisa. Dingi wa kahawa yeye hakubishana na mtu, aliuliza tu: sasa huyu mbona kalala chali kama mgonjwa?

Mi naendesha wageni porini, na miaka kadhaa nyuma nilikaa siku sita na mgeni mstaafu kutoka Marekani ambaye huo ndo mchezo wake. Hakuja na bunduki, alikuja kuangalia ndege, ila siku sita kwenye gari moja ni ndefu na mtu ataongea tu anachokipenda. Tangu hapo nimesoma sana hii kitu kuliko inavyonifaa. Kwa hiyo ngoja niseme ninachojua, taratibu, tuanzie chini.

Tuanze na maneno maana nusu ya ule ugomvi ilikuwa maneno. Kiswahili kimetupa neno risasi kwa vitu viwili: ile metali laini ya kijivu, ambayo wavuvi wa Nyumba ya Mungu wanafungia nyavu kama chubwi, na hicho kitu kinachoruka kutoka kwenye bunduki. Hapa nikisema risasi namaanisha metali. Kile kinachoruka nitakiita kichwa. Kile kikopo cha shaba kinachoshika baruti, ambacho polisi wanakiokota baada ya tukio, ni ganda. Na kule nyuma ya ganda kuna kidude kidogo kinachogongwa kikatoa cheche, hicho ni fataki.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: makaa, kiberiti kile cha madini, na chumvi inayoitwa shura. Binadamu ametumia hiyo kwa karne nyingi bila mbadala wa maana mpaka mwaka 1884, Mfaransa anaitwa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyo na moshi, na miaka miwili baadae jeshi la Ufaransa likawa na raifo ya kuitumia. Kila bunduki unayoiona leo kwa askari wa benki ni mjukuu wa hiyo ya 1884. Mzee wa kwenye video anatumia ile ya kabla, kwa makusudi, kama vile mtu anavyoamua kwenda Moshi kwa baiskeli wakati Noah zipo.

Sasa gobore. Gobore linajazwa kwa mbele, na mtutu wake ndani ni laini kama bomba la maji, na mengi ya vijijini ni bomba la maji kweli. Unachoweka humo hakiubani mtutu, kinagongana na kuta huku na huku, kikitoka kinaenda kwa ule upande kilioguswa mwisho. Kwa hiyo yule jamaa wa Rombo hajadanganya hata kidogo kuhusu babu yake. Kosa ni kudhani kila bunduki inayotoa moshi ni gobore.

Raifo ni kitu kingine kabisa. Ndani ya mtutu kuna mifereji imechongwa kwa kuzunguka, kama nyuzi za skrubu ila zimevutwa zikawa ndefu sana, mzunguko mmoja kwa kila inchi 18 hivi kwenye raifo za mashindano ya masafa marefu, ni kama sentimita 46. Kichwa kikipita humo kinalazimika kuzunguka. Wote tukiwa watoto tumecheza na pia, kile kidude cha kuzungusha kwa kamba: ikizunguka inasimama juu ya msumari wake, ikichoka inalala. Kichwa kirefu kisichozunguka kinapinduka hewani, kinachozunguka kinabaki kimetanguliza pua. Na kinazunguka haswa! Chukua mwendo wa mita 400 kwa sekunde, ambao ndo wa kawaida kwa hizi, gawa kwa hizo sentimita 46, unapata mizunguko kama 870 kwa sekunde, yaani zaidi ya 50,000 kwa dakika. Grainda ya fundi geti, ile ndogo, inazunguka kama 11,000. Hapo bado hujaongelea uzito, maana kichwa chenyewe kina gramu 30 na kitu, karibu yai dogo la kuku wa kienyeji, wakati cha bunduki za kivita za leo wala hakifiki nusu yake.

Tukija kwenye shida yenyewe, ile iliyozaa karatasi.

Baruti ya kisasa ikiungua karibu yote inageuka gesi. Baruti nyeusi hapana. Zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kuwa kitu kigumu, sehemu inaruka ndo huo moshi mnaouona, sehemu inagandia ndani ya mtutu. Huo uchafu una tabia ya chumvi, unanyonya unyevu wa hewa, ila ukipigwa na joto unakauka na kuwa ukoko, ukoko kweli kama wa wali uliosahauliwa jikoni. Kichwa cha kwanza kinapita mtutu msafi, cha pili kinapita juu ya ukoko, cha tatu kinapita juu ya ukoko wa ukoko, na kila kimoja kinaenda kivyake. Ndo maana wachezaji wa huu mchezo wana mambo mawili wanafanya kati ya kupiga na kupiga. Wengine wanapitisha kitambaa kibichi kwenye mtutu. Wengine wanachomeka kimrija upande wa nyuma na kupuliza pumzi ndefu kadhaa, sio kupoza, watu wengi wanadhani wanapoza, wanapeleka unyevu wa mdomoni ulainishe ukoko, kama unavyopulizia kioo cha miwani kabla hujakifuta. Na jioni bunduki inaoshwa kwa maji ya moto na sabuni kama sufuria, maana ikilala na huo uchafu asubuhi ina kutu.

Hiyo ni shida ya kwanza. Ya pili ni risasi yenyewe. Ni metali laini, ukucha unaikwaruza. Ukiisukuma kwa nguvu ndani ya chuma cha moto inajipaka kwenye kuta, inaziba mifereji kidogokidogo, na hiyo haitoki kwa sabuni. Lazima kuwe na kitu katikati, risasi isiguse chuma. Bunduki za kisasa kichwa kinavaa koti la shaba. Za zamani walikuwa na njia mbili, ama kichwa kinachongwa mikanda mikanda inajazwa mafuta ya nta, ama kinabaki laini bila mkanda wowote na kinavishwa shati la karatasi.

Shati tu. Haiwaki, haisukumi, haina baruti ndani yake. Chalii wa viti vya gari anisamehe.

Yule mgeni alinionyesha tukiwa kwenye foleni ya geti moja la hifadhi, magari kama arobaini mbele yetu. Akaniomba kitu chembamba cha duara, nikatoa betri ya rimoti, zile nyembamba, akaipima kwa macho akacheka, akasema unene wake ni karibu kabisa na kichwa chake (cha kwake ni milimita 11 na kitu, betri ni 10 na nusu). Akaomba karatasi, nikampa risiti ya mafuta ya ile mashine ya EFD maana kwenye gari langu ndo karatasi pekee ambazo haziishi. Akailowesha, akaanza kuivingirisha, ikakatika ikawa uji. Akasema hii ni takataka ya kiwandani, haina nyuzi. Karatasi wanayotumia wao ni ya pamba, nyembamba sana, jamaa wa karibu wa karatasi ya noti. Nikaelewa papo hapo, maana nani hajawahi kufua suruali yenye elfu kumi ikatoka nzima? Hizo ni nyuzi za pamba.

Alikuwa na chache katikati ya daftari lake la ndege. Akakata kipande kirefu, sio cha pembe nne za kawaida, miisho yake miwili ameikata mshazari. Kisa? Karatasi inazunguka mara mbili kamili, na ikimaliza mzunguko wa pili mwisho wake unatakiwa ukutane na mwanzo bila kupandiana na bila kuacha nafasi. Ukikata moja kwa moja hata kosa dogo linaacha mfereji mrefu toka juu mpaka chini, ukikata mshazari kiungo kinatambaa kwa kuzunguka, upande mmoja haubebi kosa lote. Akailowesha kwa mate (samahani lakini ndo alivyofanya), akaizungusha kwa vidole viwili polepole, mkia uliobaki kwenye kitako akausokota na kuubana chini. Akaiweka kwenye dashibodi juani. Mpaka tunafika dirishani kuonyesha kibali ilikuwa imekauka na imebana ile betri kama ngozi inavyobana ngoma. Nikajaribu kuizungusha, wapi. Hakukuwa na gundi hata tone.

Sasa kinachotokea ndani ya bunduki ni kitamu zaidi. Kichwa na shati lake vinaingia kwa ulaini, ni vyembamba kuliko mifereji inavyotaka. Baruti ikilipuka inakigonga kitakoni kwa ghafla, na kwa kuwa risasi ni laini kinafutuka, kinanenepa kidogo, kama donge la udongo ukiligonga kwa chini. Kile kilichokuwa kasoro, ulaini, sasa ndo msaada, kinajaza mtutu wote na mifereji inakishika kupitia karatasi. Mwisho wa safari mifereji imeshaikatakata karatasi, kichwa kikitoka mdomoni kinazunguka kwa ile kasi niliyosema na karatasi inarushwa pembeni vipande vipande, kama vile tunavyorushia maharusi wakitoka kanisani. Kuanzia hapo risasi inaenda uchi, haijagusa chuma hata mara moja.

Wachezaji makini wanainuka wanaenda mbele ya mtutu kuokota hivyo vipande. Mtu mzima na miwani yake anatambaa kwenye nyasi anaokota karatasi! Zikiwa nyembamba zimekatika safi, mambo yako sawa. Zikiwa na alama za kuungua ujue moto ulipita pembeni. Na kama hauoni kabisa kipande, wasiwasi, huenda kimoja kimeng'ang'ania kikaondoka na kichwa, na hicho kichwa usiulize kilienda wapi.

Kuhusu huo umbali sasa, maana hapo ndo AI ilipotajwa.

Yadi 1,000 ni mita 914. Pangilia viwanja vya mpira karibu tisa, uwanja wa Sheikh Amri Abeid mara tisa kwa urefu, ndo hapo. Kichwa kinachukua kama sekunde tatu kufika, kinapunguza mwendo njiani mpaka kinakuwa polepole kuliko sauti. Na katika sekunde tatu kitu chochote, risasi au embe, dunia inakivuta chini mita 44. Kwa hiyo hakuna kupiga moja kwa moja, mtutu unainuliwa digrii mbili na kitu na kichwa kinapanda kama mpira wa frii kiki, katikati ya safari kiko zaidi ya mita kumi juu ya mstari wa macho, unaweza kuweka ghorofa tatu chini yake, afu kinashuka juu ya shabaha. Ile kimya kwenye video nayo ndo hiyo: sekunde tatu za kwenda, afu sauti ya chuma irudi mita 914, karibu tatu nyingine. Unapiga, unakohoa, unameza mate, unamuuliza mwenzako imepata? ndo unasikia ng'aa. Mimi hiyo kimya ndo iliyonishawishi kwamba video ni ya kweli, mtu wa kutengeneza feki angeweka mlio palepale.

Watu wakisikia hivyo wanadhani basi dawa ni kuongeza baruti. Hapana, na hapa ndo kiini cha mchezo wote kwa mtazamo wangu. Nguvu haina shida, kufika kinafika. Shida ni kufika palepale mara ya pili. Tuseme chombo hiki kinatoa kichwa kwa mita 400 kwa sekunde, kingine kimetoka kwa 395 kwa sababu baruti ilipungua kidogo au ukoko haukulainika au karatasi moja ilikuwa nene. Karibu na wewe hutaona tofauti, ila kule mwisho kimoja kinapita juu na kingine kinachimba udongo. Ndo maana wanapima baruti kwa mizani, wanapima vichwa kimoja kimoja, wanakunja karatasi zilezile kwa mkono uleule. Ni mchezo wa wapishi wa vitumbua kuliko wa wanajeshi, utamu hauko kwenye kitumbua kimoja, uko kwenye sahani nzima kufanana.

Na baada ya yote hayo upepo unakuja. Upepo wa kawaida tu wa kupeperusha nguo kwenye kamba unaweza kukisogeza kichwa mita tatu, nne, kwa umbali huo. Kwa hiyo wana bendera kila mahali, na mmoja analala pembeni na darubini anaangalia mazigazi. Mnayajua, ukitoka Kia kuelekea Boma saa saba mchana lami mbele inakuwa kama ina maji. Yale mawimbi ya joto upepo ukivuma yanalala upande, mtu aliyezoea anasoma humo upepo unaenda wapi na kwa kasi gani, anamwambia mpigaji asogeze kilengeo. Kilengeo chenyewe kule mbele kimewekewa kipimamaji, kile cha mafundi ujenzi chenye povu, kidogo kama punje ya mhindi, maana bunduki ikiinamia upande hata kidogo hiyo digrii mbili uliyoinua inageuka kuwa kosa la pembeni.

Ushahidi kwamba haya yaliwezekana zamani upo kwenye rekodi, hauhitaji video. Tarehe 26 Septemba 1874, kiwanja cha Creedmoor, Long Island karibu na New York, Waayalandi walikutana na Wamarekani. Waayalandi ndo walikuwa wababe, mwaka uliotangulia walibeba ngao kubwa kule Wimbledon, Uingereza. Timu za watu sita, kila mtu anapiga mara 15 kwa yadi 800, 15 kwa 900, 15 kwa 1,000. Katikati ya shabaha kulikuwa na mraba wa futi tatu, ukiupata pointi nne. Kama unataka kujua mraba wa futi tatu unaonekanaje kwa yadi 1,000, laza punje ya mchele mezani, rudi nyuma hatua nane.

Waayalandi walikuja na raifo za Rigby, zinajazwa kwa mbele kama gobore lakini zina mifereji, na wakati huo wataalamu karibu wote waliamini zinazojazwa kwa nyuma haziwezi kushindana nazo. Wamarekani wakaja na za Remington na Sharps, zinazojazwa kwa nyuma, na karatasi zao. Yadi 800 Marekani 326, Ireland 317. Yadi 900 Ireland wakarudi kidogo, 312 kwa 310. Yadi 1,000 Ireland 302, na Marekani amebakiza mtu mmoja wa kupiga mara moja tu, jumla iko 931 kwa 930, Ireland wako mbele. Mtu mwenyewe ni kanali anaitwa John Bodine, na muda mfupi kabla ya hapo chupa ya soda ya tangawizi imempasukia mkononi, fikiria Stoney ya chupa, damu inatoka, kafunga leso. Akalala, akapiga, katikati. 934 kwa 931.

Pointi tatu. Na humo ndani kuna Muayalandi anaitwa Milner alipiga safi kabisa katikati ya shabaha, ila shabaha ya jirani. Sifuri. Angepiga ya kwake zilikuwa pointi nne! Mi hiyo huwa naifikiria nikiona mtu wa Simba anamlaumu refa.

Huo mchezo haujafa. Kuna mashindano ya aina hiyo mpaka leo, na kuna mengine ya wanyama wa chuma, maarufu ni ya Raton, New Mexico: kuku mita 200, nguruwe mita 300, bata mzinga mita 385, kondoo dume mita 500. Yule mgeni wangu alisema bata mzinga ndo anayewatesa. Kondoo ni mkubwa, kazi ni kumwangusha tu, ndafu ya chuma, Wachaga mtanielewa.

Nimalizie mambo yaliyosemwa kijiweni ambayo sio sahihi, harakaharaka. Mtu alisema hii karatasi ndo ile Wahindi waliyoigomea. Sio yenyewe, ingawa ni ndugu. Mwaka 1857 askari wa Kihindi waliokuwa chini ya kampuni ya Waingereza waliasi, na cheche moja ilikuwa habari kwamba vifurushi vya raifo mpya ya Enfield vimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, na vifurushi hivyo ilibidi ving'atwe kwa meno. Sasa imagine Mhindu na Muislamu wote umewakosea kwa kitu kimoja. Ila ile ilikuwa karatasi ya kufungia kila kitu, kama karatasi ya bisi, baruti ipo ndani na unaichana kuimimina, afu kichwa kinasukumwa mtutuni na kipande cha karatasi hiyohiyo. Hii ninayoieleza inavaliwa na kichwa peke yake.

Mwingine akasema kama baruti nyeusi ni chafu basi mzee aweke ya kisasa kwenye bunduki yake ileile. Hiyo itamuua. Baruti ya kisasa inapandisha mgandamizo mkubwa mno, bunduki ya 1874 haikuundwa kwa hiyo, inapasuka usoni.

Na wa tatu akasema haya mambo ni ya wazungu, hayajawahi kufika huku. Yalifika, kaka, kwa reli. Vita ya kwanza ya dunia inaanza 1914, makampuni mengi ya askari wa Mjerumani hapa kwetu bado yalikuwa na Mauser ya mwaka 1871, milimita 11, baruti nyeusi, kichwa cha risasi kilichovishwa karatasi. Novemba ile Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku, aliwapakia askari kwenye treni hapohapo Moshi kuwapeleka Tanga, Waingereza wakashindwa vibaya, lakini kila askari aliyepiga ile bunduki ya zamani wingu lake lilimtaja alipo. Moja ya vitu walivyofurahia baada ya vita ile ni raifo za kisasa zisizo na moshi walizookota. Moshi wa watu wa Moshi, hilo neno nimelitunza muda mrefu, mnivumilie.

Kabla mtu hajapata wazo: silaha yoyote hapa, gobore likiwemo, inahitaji leseni kwa ile sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, haijalishi ni ya babu au imening'inia ukutani toka enzi. Na chalii mmoja aliniuliza kuhusu kuyeyusha risasi ya betri ya gari kwenye sufuria ya nyumbani. Usifanye. Ule moshi ni sumu, inaingia kwenye damu na watoto ndo wanaumia zaidi, sufuria hiyo haitafaa tena hata kwa maji ya kuogea.

Sasa swali la dingi. Kalala chali kwa sababu mkono unatetemeka na moyo unadunda, na bunduki ya kilo tano kwenye mkono unaotetemeka haipigi punje ya mchele. Akilala chali, miguu mbele imekunjwa, mtutu unakaa juu ya mguu, kitako kinakaa begani au kwapani, kichwa cha mzee mwenyewe, sio cha risasi, kimeshikiliwa na mkono mmoja nyuma ya shingo. Mwili mzima umekuwa meza. Juu ya hapo kilengeo cha nyuma kinaweza kuhamishwa kwenda mwisho kabisa wa kitako, karibu na jicho, kwa hiyo nafasi kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele inakuwa ndefu kuliko kawaida na kosa la kulenga linapungua. Creedmoor wapo waliopiga hivyohivyo mwaka ule wa 1874.

Nilimweleza dingi haya yote jana jioni. Akaweka birika chini, akachukua ufagio, akalala chali kwenye benchi la wateja na buti zake zimeelekea barabarani, akafumba jicho moja. Akakaa hivyo kama dakika nzima, bodaboda wanapiga honi. Afu akasema, "kweli aisee, hautetemeki."